Ng'ambo ya Daraja

Bahasha ilikuja Jumanne, haina mtaa wala namba.
Wino wa buluu, mkono unaotetemeka:
Kwa mwenye bata bukini, ng'ambo ya daraja, Leeuw.
Msimamizi akasema, irudishe.
Irudi wapi? Nyuma hakuna jina.

Mwaka wa kumi na tisa napeleka barua Sint-Pieters-Leeuw.
Manispaa hii naijua kwa magoti:
mashariki tambarare, reli, mfereji, mto Zenne
unaopita kimya kama mdaiwa;
magharibi vilima, kila kilima na kanisa lake,
kila kanisa na mbwa wa jirani anayenichukia.

Nikaanza Ruisbroek, bondeni, kwenye maghala.
Huko mlango mmoja una kengele sita
na kengele sita zina majina kumi na moja.
Costel Munteanu, fundi wa mapaa, alitoka na kijiko mdomoni.
"Ng'ambo ni Brussels," akaelekeza kijiko kaskazini.
"Na kule bukini huliwa, hafugwi."

Nikapanda Vlezenbeek kwa gia ya kwanza,
harufu ya bia inayochachuka ikinipokea njiani.
Mierebi iliyokatwa vichwa ilipanga foleni kijitoni
kama watu wanaomngoja kinyozi awaombe radhi.
Mzee Deneef alikuwa bandani, akivuna gizani
ile mboga nyeupe isiyoruhusiwa kuona jua.
"Ng'ambo ni huko chini," akasema
kwa lahaja ambayo hata mwanawe anaikodolea macho.
"Mtu akishavuka mfereji
sisi huku hatumhesabu tena."

Oudenaken nilimkuta farasi tu.
Hakuwa na maoni.

Saa tano nikaingia ofisi ya manispaa, nimelowa.
Kaunta namba mbili, karani alikuwa anamweleza mama mmoja,
kwa Kiholanzi cha polepole, kila neno limepigwa pasi,
kwamba hapa husemwa Kiholanzi.
Kando yake binti wa miaka minane, Hadiatou,
aliyachukua maneno, akayageuza Kifulani,
akamrudishia karani majibu
bila kumwaga hata tone.
Kisha akaiona bahasha yangu.
"Bukini? Yupo mmoja. Hunifukuza nikienda shule.
Si daraja kubwa. Lile la mbao."

La mbao! Halimo kwenye ramani yangu.
Mbao nne juu ya kijito cha Zuun,
nyuma ya uwanja wa mpira,
nami nimelipita miaka yote nikitazama saa.

Godelieve Cammaert, themanini na tatu, aproni ya plastiki.
Bukini alikuwa mmoja kweli, na aliniuma kweli.
Bibi akaifungua barua kwa kisu cha siagi,
akaitazama, akanipa.
"Nisomee. Kifaransa changu nilikiacha harusini kwa dada."
Ilikuwa mwaka ule walipochora mpaka wa lugha;
kumbe kalamu ilipita hadi mezani,
ikazigawa sahani.
Yvette akaenda Anderlecht na mume wake.
Vituo kumi na vitatu vya basi.
Miaka sitini.

Nikasoma. Ulikuwa mstari mmoja:
Bado wanapiga kelele usiku?

Hakulia. Alikwenda kuzima jiko,
akarudi, akakaa, akasimama tena.
"Wale wamekufa," akasema. "Huyu ni mjukuu wao."
Akalisema kwa Kiholanzi, kisha, taratibu,
kama mtu anayejaribu kiatu cha ujanani,
akalisema tena kwa Kifaransa.
Kosa moja tu. Sikumsahihisha.

Akaomba kalamu. Akaandika akikinga mkono,
kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu,
akalamba bahasha, akanipa.
Kwa Yvette, ng'ambo ya daraja.

Nikamwomba namba ya nyumba.
Akanitazama kama mjinga.